Taa za chisense na kituo cha Malindi

Bandugu wa Mantapala na wote mnaosoma hapa, kama ulishalala Kashikishi usiku usio na mwezi, unazijua taa za wavuvi wa chisense kule ziwani. Moja inawaka kwa nguvu. Je, ni taa ndogo iliyo karibu, ama ni taa kubwa iliyo mbali, huko upande wa Kilwa ya Congo? Ukiwa umesimama tu ufukweni huwezi kusema. Wataalamu wa nyota walikaa na swali hilohilo karibu miaka 30, na jibu lake lilipitia pwani ya Waswahili. Ile sehemu ya pwani watu hawaisimulii sana, njo maana naandika.

Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovieti walikubaliana kutolipua mabomu ya nyuklia angani. Lakini nani atamwamini mwenzake? Marekani wakarusha setilaiti za Vela, zaidi ya kilomita 100,000 juu, zichunguze kama kuna anayeiba. Bomu la nyuklia linatoa miali ya gama. Tarehe 2 Julai 1967 Vela zikanasa miali hiyo, ila haikufanana na ya bomu. Karatasi zikawekwa kando. Ray Klebesadel na wenzake wa Los Alamos walikuja kuzisoma baadaye, na mwaka 1973 wakatangaza milipuko 16.

Walijuaje kwamba haikutoka duniani? Walitumia saa. Mlio ukifika kwanza kwako hapa Nchelenge, halafu ndiyo ufike kisiwa cha Kilwa, unajua umetokea upande gani. Mwanga unakimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti kati ya Vela na Vela ilikuwa chini ya sekunde moja, lakini ilitosha kuondoa dunia na jua kwenye orodha. Haikutosha kuonyesha mahali penyewe.

Shida ni kwamba mlipuko unadumu sekunde chache, mara nyingi chini ya dakika, halafu basi. Na miali ya gama haikusanywi kwa kioo kama mwanga wa kawaida. Chombo cha BATSE, kilichorushwa 1991, kilihesabu milipuko zaidi ya 2,700, kikaonyesha inatoka pande zote za anga sawasawa. Ila kila mmoja kilikupa eneo pana, mara nyingi kuliko mwezi mzima. Aprili 1995 Bohdan Paczyński na Donald Lamb walibishana hadharani mjini Washington: mmoja akasema ni mbali sana, mwingine akasema ni hapa jirani na galaksi yetu. Yaani taa zetu zilezile.

Aprili 1996 Waitalia na Waholanzi wakarusha BeppoSAX. Ilizunguka karibu kabisa na ikweta, na kila mzunguko, kama saa moja na nusu, ilipita juu ya Kenya. Ngomeni, karibu na Malindi, Waitalia walikuwa na kituo tangu miaka ya 1960. Hapo tu njo setilaiti ilikuwa inashusha mzigo wake, dakika kama 10 kila mara ikipita, na Malindi ikautuma Roma. Kama antena ya Malindi imelala, Roma hawana kitu.

Tarehe 28 Februari 1997, saa kumi na moja kasoro dakika mbili alfajiri kwa saa yetu ya Zambia, ukaja mlipuko upande wa Orioni. (Kwetu wakati ule vita ya AFDL ilikuwa inashuka Katanga, nani angetazama juu?) Data ikashuka Malindi. Kwa kuwa kamera ya BeppoSAX ilikuwa imeuona mlipuko kwa eksirei, kundi la Enrico Costa waliweza kupata mahali pake. Saa 8 baadaye wakaigeuza setilaiti na kukuta kitu kipya kinachong'aa. Siku 3 baadaye kilikuwa kimefifia karibu mara 20. Kundi la Jan van Paradijs wa Amsterdam wakakiona pia kwa mwanga wa kawaida kupitia darubini ya La Palma.

Mlipuko wa 8 Mei, siku 9 kabla Kinshasa haijaanguka, ukamaliza ubishi. Darubini ya Keck kule Hawaii ilipima mwanga wake: ulikuwa umesafiri takriban miaka bilioni 7. Taa kubwa, mbali mno. Paczyński alikuwa sahihi.

Ukisoma habari hii utakutana na Roma, Amsterdam, La Palma. Malindi inatajwa kama vile unavyomtaja dereva aliyekuleta. Mimi naona si haki, juu mwanga haukuvumilia kusubiri, ungefifia kabla hawajajua waelekeze wapi.

BeppoSAX ilianguka baharini Pasifiki Aprili 2003. Mwaka uliofuata Wamarekani wakarusha Swift, ambayo inajigeuza yenyewe kwa dakika moja hivi. Kituo chake kikuu cha kushusha data wakakichagua Malindi.