Pingamizi la Tathmini

Pingamizi la tathmini ni hatua ya kisheria anayoichukua mzabuni anapodai kwamba taasisi ya umma haikuipima zabuni yake kwa vigezo ilivyovitangaza yenyewe. Hatua hii hujitokeza sana katika kazi za ujenzi, kwa kuwa zabuni ya barabara au ya jengo hubeba mamia ya bei, vyeti, ratiba na dhamana, na kila karatasi ni nafasi ya kukosea au ya kukosewa.

Jina lililozoeleka ni malalamiko ya zabuni; Kenya husemwa malalamishi. Halifai. Lalamika ni ndugu wa lalama: mmoja hunung'unika, mwingine huomba huruma, na wote wawili wanaweza kupuuzwa bila sheria yoyote kuvunjwa. Abiria hulalamika nauli ikipanda. Mkandarasi aliyekoseshwa kazi ya daraja haombi huruma ya mtu. Anaonyesha kwamba kigezo fulani, katika ukurasa fulani wa kabrasha la zabuni, hakikufuatwa. Kuliita dai la namna hiyo malalamiko ni kumhukumu mwenye dai kabla hajafungua kinywa. Jina hili limerudiwa katika orodha moja ya istilahi baada ya nyingine, kwa utulivu unaoleta shaka kama waliolipitisha walipata kuishika zabuni mkononi.

Wapo wanaopendelea rufani, na hoja yao ina uzito kidogo zaidi. Tanzania ina Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma, kama ilivyo na Mahakama ya Rufani. Kenya mahakama ya ngazi hiyo huitwa Mahakama ya Rufaa. Maumbo yote mawili yana asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuinua: shauri huinuliwa kutoka chini kwenda juu. Hapo ndipo jina linapokwama. Kwa utaratibu wa Tanzania, dai huanza kwa afisa masuuli wa taasisi ileile iliyotathmini, na mtu hawezi kuinua jambo kwenda juu kwa kulirudisha pale lilipotoka. Afisa masuuli mwenyewe si hakimu. Masuuli ni neno la Kiarabu lenye maana ya anayeulizwa, mzizi mmoja na swali na usaili, na kwa hakika hakuna cheo serikalini kilichopewa jina la haki kuliko hicho. Rufani basi ni jina la hatua ya pili. Kulitandaza juu ya jambo zima, kama inavyofanywa na baadhi ya wafasiri, ni uvivu.

Pingamizi halikuazimwa popote. Shina lake ni pinga, kuweka kitu kikingame njiani. Kipingo cha mlango kimetoka hukohuko. Kwa kiambishi -am-, kile cha gandama na inama, pinga huzaa pingama: kuwa katika hali ya kukingama. Kutoka pingama hupatikana pingamiza, na kutoka pingamiza, pingamizi. Neno moja limekusanya tendo, hali inayofuata tendo, na kusudi la mtendaji. Watumiaji wa lugha hawakusubiri kamati iwafundishe: tangazo la ndoa likibandikwa, mwenye sababu huweka pingamizi, jina la mgombea likiteuliwa, mpinzani wake huweka pingamizi.

Tena sheria inalitendea neno hili haki. Nchini Kenya, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, dai likishawasilishwa mbele ya bodi ya mapitio, mchakato wa ununuzi husimamishwa na mkataba hausainiwi. Marekani nako, sheria ya ushindani katika mikataba ya mwaka 1984 iliweka zuio la namna hiyo kwa madai yanayopelekwa kwa wakati katika ofisi ya uwajibikaji ya serikali. Gogo limewekwa njiani. Malalamiko hayajapata kusimamisha hata greda.

Husemwa kwamba pingamizi litachanganywa na pingamizi la awali, ambalo mawakili wa taasisi hupenda kuliibua ili shauri litupwe kabla ya kusikilizwa. Neno awali lipo kwa kazi hiyohiyo ya kutofautisha, na anayeshindwa kulisoma hataokolewa na istilahi yoyote.

Sehemu ya pili ya jina, tathmini, ina kasoro inayovumilika. Imetoka katika mzizi mmoja na thamani, ambao asili yake ni bei, na kwa hiyo hudokeza kwamba bei ndiyo yote. Zabuni yenyewe ina historia ya ajabu zaidi: Kiarabu humwita mteja zabuni, Kiswahili kikaifanya kuwa tendo la kutaja bei mnadani, ambako mwenye bei kubwa hushinda, leo katika ujenzi anayetazamiwa kushinda ni mwenye bei ndogo. Neno uchambuzi lingefaa kuliko tathmini, kwa kuwa karafuu huchambuliwa kwa kutenganishwa na vikonyo kabla ya kupimwa, na zabuni nazo hutenganishwa hivyo: zisizokidhi masharti huondolewa kwanza, zilizobaki ndizo hulinganishwa bei. Lakini tathmini imeshakaa katika sheria na kanuni, na kuing'oa kungegharimu zaidi ya faida yake.

Kinachopingwa hasa huonekana katika mambo madogo. Sheria ya Kenya hudai kurasa za zabuni ziwekwe namba kwa mfuatano, na ukurasa mmoja ulioachwa bila namba waweza kuwa chanzo cha shauri zima. Au tuseme mzabuni ameandika mita 120 za bomba la zege kwa Sh 45,000 kila mita, kisha akajaza jumla ya Sh 4,500,000 badala ya 5,400,000. Nyaraka nyingi zinazofuata mfano wa Benki ya Dunia huipa nguvu bei ya kipimo kimoja, na jumla hurekebishwa. Kenya, kifungu cha 82 hukataza marekebisho: kiasi kilichoandikwa katika fomu ya zabuni ni cha mwisho. Kamati inayorekebisha mahali pasiporuhusiwa, au inayoacha kurekebisha mahali panapotakiwa, imejiwekea pingamizi yenyewe.

Kuhusu matumizi: huwekwa pingamizi, hutupwa au hukubaliwa, anayeliweka ni mpingaji. Kenya huwekwa ndani ya siku 14, bodi huamua ndani ya siku 21, na asiyeridhika ana siku 14 za kwenda Mahakama Kuu. Mkataba ukishasainiwa kwa kufuata sheria, mlango wa bodi hufungwa. Kinachobaki hapo huitwa dai la fidia, na jina pingamizi halitumiki tena.