Kutoka Rerum Novarum hadi Lumbesa ya Chwele

Papa Leo XIII alipotoa waraka wake Rerum Novarum, mwezi Mei 1891, wafanyakazi wa viwanda vya Ulaya walikuwa wamebanwa kati ya ubepari, ulioihesabu kazi ya mtu kuwa bidhaa tu, na usoshalisti, uliotaka mali yote iwe ya umma. Naye alitetea haki ya kumiliki mali, akatetea na vyama vya wafanyakazi, akashikilia kwamba ujira hauwi wa haki kwa sababu tu mfanyakazi ameuridhia, ikiwa ni dhiki iliyomridhisha. Mwaka 1931 Papa Pio XI alisisitiza kanuni ya auni, yaani mamlaka ya juu isaidie ngazi ya chini bila kuipokonya kazi inayoiweza yenyewe.

Baada ya uhuru, mvutano huo wa itikadi ulifika Afrika Mashariki: Kenya ilitangaza Ujamaa wa Kiafrika kwa waraka wa serikali nambari 10 wa 1965, na Tanzania ikatoa Azimio la Arusha Februari 1967. Mwezi uliofuata, Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio, aliipeleka hoja ya Leo XIII kwenye biashara baina ya mataifa: pande zisipolingana nguvu, maridhiano hayatoshi kuufanya mkataba kuwa wa haki.

Katika soko la Chwele, Kaunti ya Bungoma, hoja hiyo ina uzito wa kilo. Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likaongezewa wavu juu na kufumwa kwa kamba, kisha dalali akalinunua kwa bei ya gunia moja. Mkulima aliyeshuka na viazi kutoka miteremko ya Mlima Elgon hukubali, kwa kuwa mazao yataoza na karo inadaiwa. Bepari ataita hiyo biashara huru. Anayeitegemea dola atataka serikali inunue yenyewe, ilhali wakulima wa mahindi wa Kitale wanajua ilivyo kungojea malipo ya Bodi ya Nafaka.

Mwaka 1987 Papa Yohane Paulo II aliandika wazi kwamba mafundisho haya ya Kanisa kuhusu jamii si njia ya tatu kati ya ubepari na usoshalisti. Ndiyo nguvu yake, maana hayangoji chama kishinde uchaguzi: kwa kanuni ya auni, ushirika wa wakulima hutangulia, na serikali huulinda. Kanuni za viazi za mwaka 2019 tayari zinakataza mfuko unaozidi kilo 50. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, zinazokutana nyumba kwa nyumba kusoma Injili, zichange fedha zinunue mizani ya kuthibitisha uzito huo.