Kumsaidia mtoto kutunga sentensi

Hapa Lubumbashi watoto wengi wanaingia shule na Kiswahili cha nyumbani. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Basi tuanzie hapo.

Anza na maneno mawili: «Mama anapika.» Uliza: «Anapika nini?» Mtoto ataongeza: «Mama anapika bukari.» Uliza tena: «Wapi?» Sentensi inakua kwa maswali.

Akisema «batoto banakula», usimcheke. Ni Kiswahili cha kwao. Mjibu kwa upole: «Ndiyo, watoto wanakula», naye atasikia Kiswahili cha kitabuni. Mtoto anayechekwa hunyamaza. Na akinyamaza, hatutajua anachokijua wala kinachomuumiza.