KE70: soma kibati kabla ya kutuma pesa

Leo naweka msimbo kando kidogo, ingawa mtaona sijaenda mbali. Kuna Toyota Corolla KE70 inauzwa mtandaoni: picha sita, rangi mpya inang'aa, na muuzaji anataka nusu ya bei kwa M-Pesa kabla hata sijaiona. Nusu hiyo ni akiba yangu ya mwaka mzima. Basi kabla ya kutuma chochote nimeamua kusoma historia.

Tangazo linasema eti ni "gari la Safari Rally". Shekhar Mehta alishinda Safari mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, lakini kwa Datsun Violet, si Corolla. Hilo tuliache.

La maana ni kwamba KE70 ni ya mwisho wa ukoo wake. Tangu Corolla ya kwanza mwaka 1966, nguvu ilikwenda magurudumu ya nyuma: injini mbele, klachi, giaboksi, propela ndefu chini ya sakafu, kisha difu. Kizazi cha KE70 kilitoka 1979. Mwaka 1983 kikaja kingine, na saluni za kawaida zikahamia magurudumu ya mbele. (AE86 ilibaki nyuma, ndiyo maana leo bei yake haishikiki.) Kwa hiyo mtu akikuambia KE70 yake imewekwa CV jointi mpya, ama halijui gari lake, ama anauza gari jingine.

Jina lenyewe ni kama namba ya toleo la programu. K ni familia ya injini, E ni Corolla, 70 ni kizazi. Starlet ni P, hivyo KP61 ni Starlet yenye injini ya K, na EP71 ni Starlet yenye injini ya E. Aliyebuni mpango huu angefaa sana kwenye kazi yetu! Herufi hizo ndizo zinazoanza namba ya chasisi, na zimeandikwa kwenye kibati chini ya boneti, pamoja na injini, giaboksi na eksili alizotoka nazo kiwandani. KE70 nyingi zilitoka na 4K, cc 1290. Kibati kikisema 4K nawe ukikuta 5K ya cc 1486, jua kuna mkono ulipita.

Mkono huo huenda ulifanya jambo zuri, na hapa historia ya Mombasa inaingia. Jirani yetu Miritini kuna kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, cha tangu miaka ya 1970. Peugeot 504 ziliunganishwa pale, na zama hizo spea zilikuwa na mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ikalegeza uagizaji, na magari ya mtumba kutoka Japani yakamiminika bandarini. Miongoni mwake vani za LiteAce na TownAce, nyingine zikiwa na 5K. Vani zikifa, injini zikabaki. 5K ni ya familia ile ile, inakaa kwenye giaboksi ya KE70 bila vita. Fundi mmoja mzee hapa Jomvu Kuu ananiambia: "Mwanangu, 4K utaitafuta. 5K itakutafuta."

Kisha kanuni ya KS 1515 ya mwaka 2000 ikafunga mlango: gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingii nchini. KE70 unayoiona leo imekula chumvi ya pwani hii kwa miongo. Hata pleti inasema. Mtindo wa KAA wenye herufi mwishoni ulianza 1989, kwa hiyo pleti ya kale isiyo na herufi hiyo ni ya gari lililosajiliwa kabla ya hapo.

Injini iliyobadilishwa siiogopi. Naogopa iliyobadilishwa kimya kimya. Namba iliyogongwa kwenye bloku lazima ifanane na ya logbuku na ya rekodi za NTSA. Isipofanana, polisi hawatamuuliza muuzaji, wataniuliza mimi.

Nimeomba pia video, injini ikiwa baridi kabisa, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla ya mgeni kufika huficha mengi. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Halafu aingize rivasi: kishindo kimoja chini ya sakafu mara nyingi ni krosi za propela, na hizo si ghali. Gia ya pili au ya tatu ikijirusha yenyewe ukiachia mafuta, giaboksi imechoka. K50 ya gia tano bado zinapatikana, kwa subira.

Difu ndiyo inayoninyima usingizi. Ikilia kama nyuki na sauti ikabadilika kila ukikanyaga na kuachia mafuta, meno yamelika. Na hapo vani hazikusaidii, maana eksili yao haikai chini ya KE70 bila kukata na kuchomelea. Nyingine itabidi itoke kwa KE70 iliyokufa, na hizo nazo wenyewe hawaziachi siku hizi, hata zikiwa zimeota majani nyuma ya gereji.