Ni Nini Humvuta Mtu Kwenye Dini? Tuiulize Milima ya Taita na Reli ya Voi



Naanza na msiba. Si kwamba nataka kuharibu ladha ya futari yako, ila swali la makala haya lilizaliwa msibani. Babu yangu alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Maiti ilikuwa bado haijaoshwa, ugomvi ukazuka uani. Baadhi ya jamaa walioshuka kutoka Sagalla walitaka arudishwe mlimani, azikwe karibu na wazazi wake kwa ibada ya kanisa. Hoja yao ilikuwa moja tu: "Huyu alisilimu kwa sababu ya mke. Hakuwa Muislamu wa kweli." Upande wetu nao ukapandisha sauti. Mimi nimesimama na birika la maji mkononi, juzuu kadhaa nimezihifadhi chuoni, na jibu sina. Manake ilikuwa kweli. Bibi alizaliwa Muislamu, na babu alitamka shahada mwaka ule ule alioposa.

Je, mtu akiingia dini kupitia mlango wa ndoa, au kazi, au shule, au sahani ya chakula, imani yake huwa nusu?

Nilipofika chuo kikuu nikachukua somo la historia, na swali hilo likanifuata hadi maktaba. Nilidhani nitakuta habari za masheikh waliopanda milima yetu wakihubiri, watu wakasilimu makundi kwa makundi. Nilichokikuta ni nyayo za wapagazi. Misafara ya pwani ilipita Taita ikienda Uchagani na Umasaini miaka mingi kabla ya reli. Mwaka 1848 mmishionari Mjerumani, Johannes Rebmann, alipita hapa, na tarehe 11 Mei akauona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Wataalamu kule Ulaya walimcheka, eti theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Na aliyemwongoza njia ni nani? Bwana Kheri, Muislamu wa pwani, mjuzi wa misafara. Natamani ningekuwepo jioni wawili hao wakiongea kando ya moto.

Kituo kikubwa kilikuwa Taveta. Palikuwa na msitu kando ya mto Lumi, chakula tele na usalama. Misafara ilipiga kambi majuma mengi, wapagazi wakitunga shanga upya kwa mtindo walioutaka Wamasai. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alipopita, aliungana na mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani aitwaye Jumbe Kimameta. Mwaka 1887 Jumbe huyo huyo alikuwa kwenye msafara wa Count Teleki, mtu wa Hungaria. Basi Waislamu walikuwepo, tena si wachache. Lakini wenyeji hawakuwafuata kwa wingi. Kusikia adhana ni jambo moja, kuwa na haja nayo ni jambo lingine.

Na kwa nini wawe na haja? Wataita walikuwa na dini yao. Walimjua Mlungu kabla mgeni yeyote hajawafikia. Walikuwa na fighi, misitu iliyolindwa ambayo hakuna aliyethubutu kuikata ovyo, na mapango walimowekwa wazee waliotangulia, mafuvu yao yamepangwa. Zaidi ya hayo walikuwa na kutasa, na hapa naomba univumilie kidogo, kwa sababu jambo hili lilinishangaza kuliko yote niliyoyasoma.

Mtafiti mmoja wa Kimarekani, Grace Harris, aliishi na Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1978 akatoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "Kuitoa Hasira". Alieleza kwamba kwa Wataita wa zamani hasira iliyofichwa moyoni ilikuwa hatari. Mzazi au mzee akiwa na kinyongo, hata asiseme neno, mtoto anaweza kuugua na mifugo kudhoofika. Dawa yake ni mwenye hasira kuitoa. Anachukua funda la maji, au maji ya miwa, au pombe, anayapuliza nje kwa mdomo, huku akitamka kwamba moyo wake umetulia na kuwaombea wenzake heri. Hiyo ndiyo kutasa, na ndiyo iliyokuwa nguzo ya ibada yao.

Ustadh wangu akisoma hapa ataniita pembeni, najua. Tauhidi ni tauhidi, wala siingizi mila kwenye ibada. Lakini mtu aliyelelewa kwenye kutasa, ukimwambia kuna mwezi mzima ambao ukitukanwa unatakiwa kusema umefunga na kujizuia, ataelewa upesi kuliko mimi niliyeikariri hadithi hiyo nikiwa na miaka tisa na bado nagombana kwenye foleni ya matatu.

Sasa, kitu gani kiliwafungulia watu mlango mwingine? Sote tuliihifadhi Surat Quraysh utotoni, ile inayotaja safari za biashara za Makureshi, kisha ikawakumbusha aliyewalisha wasife njaa na kuwapa amani wasiishi kwa khofu. Mimi niliisoma miaka na miaka bila kuzingatia kwamba njaa na khofu zimetajwa pamoja na ibada. Historia ya Taita ndiyo iliyonifungua macho. Katika miaka ya 1880 ilishuka njaa ambayo wazee waliiita Mwakisenge, ikaua watu na kuwatawanya. Ni wakati huo huo, mwaka 1883, ambapo wamishionari wa Kianglikana walianza kituo Sagalla, na mwaka 1892 mapadri wa Kikatoliki wakafungua chao Bura. Mwanzoni waliowafuata walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Madarasa yalikuja kujaa baadaye, watu walipoona kusoma na kuandika kunampatia mtu kazi.

Kisha ikaja reli, na Voi tunayoijua leo ni mtoto wa reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao watu wa Punjab: Waislamu, Masingasinga, Wahindu. Karibu 2,500 walifia kazini. Mwaka 1898, hapo Tsavo, simba wawili madume wasio na manyoya ya shingo walikuwa wakiingia kambini usiku na kuwatoa watu mahemani. Mhandisi J. H. Patterson alikuja kudai waliliwa 135. Uchunguzi wa mifupa na manyoya ya simba hao, uliotolewa mwaka 2009, unakadiria kama 35. Kwa aliyelala ndani ya hema, sidhani kama tofauti ya hesabu hiyo ilimsaidia kitu. Mwanzoni mwa Desemba mamia walilala relini mbele ya treni ili isimame, wakaipanda wakarudi pwani. Wapo walioamini kwamba wale si simba kamwe, ni roho za wakubwa wa zamani wa nchi hii waliochukizwa na reli. Hasira tena! Patterson aliwaua wote wawili kabla mwaka haujaisha.

Kando ya reli hiyo, ukitoka Voi kwenda Mombasa, ukishapita Maungu na Buchuma, utafika Mackinnon Road. Pale pana msikiti na kaburi la Sayyid Baghali, mnyapara wa Kipunjabi wa wakati wa ujenzi. Inasimuliwa kwamba karai la mchanga lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Madereva wengi hupunguza mwendo wakatoa chochote, Waislamu na wasio Waislamu. Kuhusu ziara za makaburi masheikh wetu wana maneno yao na mimi si mtu wa kuwaamulia. Ninachokitazama ni kwamba kati ya wakubwa wote wa reli waliopita njia ile, anayesimamiwa na madereva ni mnyapara.

Baada ya reli yakaja mashamba ya mkonge Voi, Mwatate na Taveta, na wakati wa vita vya kwanza, 1915 na 1916, ikajengwa njia ya reli ya kutoka Voi kwenda Taveta. Vijana wakashuka milimani kutafuta mshahara. Kijana wa namna hiyo ameacha nini nyumbani? Ameacha ukoo, ameacha mzee wa kumtasia. Akiugua kwenye landhi, nani atamletea maji?

Babu alinisimulia mwenyewe, kabla ya kufariki. Aliajiriwa kwenye genge la reli hapa Voi mwaka 1954. Akashikwa na homa, siku nyingi hajui usiku wala mchana. Majirani wa landhi, Waislamu, ambao hata kabila lake hawakulijua vizuri, walimpikia uji kwa zamu. Ulikuwa mwezi wa Ramadhan. Wamefunga, wanakoroga uji wasiouonja. Alipopona akaanza kukaa nao jioni, akazoeana na nyumba moja yenye binti, na mengine unayajua.

Kwa hiyo ni kweli, alikuja kwa uji na kwa bibi. Lakini tukumbuke kwamba Qur'ani yenyewe, katika Surat Tawba, imewatengea fungu la zaka watu wanaotiwa nguvu nyoyo zao. Baada ya vita vya Hunayn, mwaka wa nane wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alimpa Safwan bin Umayya mifugo juu ya mifugo. Safwan alikuja kueleza kwamba kabla ya hapo hakuna aliyemchukia kama Mtume, na aliendelea kupewa hadi hakuna aliyempenda kama yeye. Sijaona mahali aliposimangwa kwamba aliingia kwa ngamia.

Babu alisema pia kwamba baba yake alikasirika sana kusikia amesilimu. Miezi kadhaa hawakusemezana. Siku moja mzee akamwita mlimani, akachukua maji mdomoni, akayapuliza, akasema moyo wake umepoa. Babu akashuka Voi, akawahi Magharibi.

Na ule ugomvi wa uani ulimalizwa na babu mdogo, ndugu yake wa kufuatana naye, Mkristo, mtu wa kanisa tangu utoto. Alisikiliza wee, kisha akasema: "Mke wake amekufa miaka kumi na miwili iliyopita. Mbona asubuhi hakuacha kwenda msikitini?" Tukazika alasiri, makaburi ya Waislamu, na yeye akashika jeneza mbele kulia.

Ramadhan iliyopita nilipanda Sagalla kumwamkia. Nikamuuliza, babu, na wewe ulivutwa na nini? Akacheka. "Mimi nilibatizwa ili nipokewe shule, mjukuu wangu. Shule yenyewe niliishia darasa la nne." Nikamuuliza kwa nini basi bado anaenda kanisani kila Jumapili, na magoti yale. Akanyamaza kidogo. Chai yake ilikuwa mezani tangu nifike, imefunikwa na kisahani, na hakuigusa hadi nilipoaga.