Kauli ya Amin ya 1976 na Watu wa Mpakani

Bibi yangu alizaliwa Funyula, upande wa Kenya, akaolewa Paya katika wilaya ya Tororo, Uganda. Februari 1976, kwa maneno ya Rais Idi Amin, ilionekana kwamba bibi hakuwa ameolewa ng'ambo hata kidogo: Funyula nayo ilikuwa Uganda. Nimechagua kuandika juu ya kauli hiyo kwa sababu mara nyingi inasimuliwa kama kichekesho kimoja zaidi cha Amin. Kwetu haikuchekesha.

Alichosema Amin ni kwamba eneo kubwa la magharibi mwa Kenya, hadi karibu na Nairobi, pamoja na sehemu ya kusini mwa Sudan, lilikuwa la Uganda kabla Waingereza hawajaligawa. Hakusema waziwazi kwamba angepeleka jeshi. Alisema tu kwamba watu wajue historia yao. Wakati huo alikuwa ndiye mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, umoja uleule uliokubaliana Cairo mwaka 1964 kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyorithi siku ya uhuru.

Jambo linalonisumbua mimi kama mwanafunzi wa historia ni kwamba kwa upande wa tarehe Amin hakudanganya. Uganda ilipotangazwa kuwa nchi lindwa mwaka 1894, na katika miaka michache iliyofuata, mamlaka yake yalienea mashariki hadi Naivasha. Kisumu ilikuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901, na Waingereza wakaona ni usumbufu njia moja ya reli kuwa chini ya serikali mbili. Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa mzima ukahamishiwa upande wa pili, ule ambao baadaye uliitwa Kenya. Wasamia, Wateso na Waluo wa huko hawakuulizwa. Jina la Reli ya Uganda likabaki, ingawa hakuna hatua moja ya reli hiyo iliyokuwa tena ndani ya Uganda. Mwaka 1926 ardhi nyingine upande wa Turkana ilihamishwa vilevile.

Kwa hiyo hotuba ilisimama juu ya ukweli. Kasoro yake ni kwamba ilichukua ukweli wa mwaka 1902 na kuutumia kama hati ya shamba. Mkoa ule haukuwa mali ya Uganda kwa maana yoyote ambayo Msamia au Mteso angeitambua; ulikuwa kipande cha ramani ya Mwingereza, kama ulivyokuwa kipande cha ramani yake baada ya kuhamishwa. Aliyetaka kurekebisha dhuluma ya mpaka angeanza na familia zilizokatwa katikati, siyo na Naivasha. Amin hakuzitaja.

Kenya ilijibu kwa hasira. Jomo Kenyatta alitangaza kwamba hata inchi moja ya ardhi haitatoka. Watu wakaandamana mijini wakiwa na mabango. Lakini jibu lililouma lilitoka kwa makuli wa bandari ya Mombasa, waliokataa kugusa mizigo ya Uganda. Uganda haina bahari. Mafuta, chumvi, vipuri na karibu kila kitu kilipita pale, kisha Nakuru, Eldoret, Malaba, Tororo. Haikuchukua muda mrefu Amin akaanza kulegeza maneno, akisema hakukusudia vita na kwamba alikuwa akieleza historia tu. Nadhani wanahistoria wanaompa Kenyatta sifa yote wanawasahau makuli hawa. Rais alitoa hotuba. Wao walikunja mikono.

Hata hivyo, kufungwa kwa njia ya mizigo hakukumpata Amin pale ikulu kama kulivyotupata sisi. Paya iko karibu na reli, lakini chumvi ikawa ya kuhesabu kwa kijiko. Bibi anasema kilichobadilika zaidi ni jina lake. Kabla ya Februari aliitwa mama fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama wanawake wote. Baadaye, kisimani, alianza kuitwa mtu wa Kenya. Huko kwao Funyula nako kaka yake aliulizwa kama dada yake ameolewa na askari wa Amin, wakati babu alikuwa mkulima wa pamba asiyewahi kushika bunduki.

Mwezi Julai mambo yakawa mabaya kuliko hayo. Makomando wa Israeli walivamia uwanja wa Entebbe usiku wa kuamkia tarehe 4, na ndege zao zilitua Nairobi kuongeza mafuta. Amin aliilaumu Kenya, na Wakenya waliokuwa Uganda wakauawa. Bibi alilala kwenye shamba la mihogo la shemeji yake, akiwa na mtoto mgongoni, na anasema alichoogopa ni kukohoa kwa mtoto. Lile jina la kisimani lilikuwa sasa jina la kumwulia mtu. Agosti serikali mbili zilitia saini mapatano Nairobi, na mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, kwa sababu nyingi ambazo hii ni mojawapo tu.

Jambo moja dogo. Watu wanashangaa kusikia kwamba mimi Mpadhola nasomea Kiswahili. Bibi anashangaa zaidi, kwa sababu kwake Kiswahili bado ni lugha ya vizuizi vya barabarani. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na askari wake ndio walimu wa kwanza wa bibi. Ukimsemesha kwa Kiswahili ghafla, hunyamaza kwanza.

Oktoba 2022 nilikuwepo mwenyewe. Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Rais Museveni na kamanda wa majeshi ya nchi kavu wakati huo, aliandika Twitter kwamba yeye na jeshi lake wasingehitaji wiki mbili kuiteka Nairobi. Safari hii hakukuwa na historia yoyote ndani yake, hata ya kupindishwa. Wakenya walijibu kwa utani: wakamwonya kuhusu foleni za magari na wezi wa simu. Museveni aliwaomba Wakenya radhi, akamwondoa mwanawe kwenye ukamanda huo, na papo hapo akampandisha cheo. Siku chache baadaye William Ruto alikuja Kololo kwenye sherehe za miaka 60 ya uhuru wa Uganda.

Wenzangu waliniambia huo ndio ushahidi kwamba watu wa Afrika Mashariki wamekomaa. Labda. Mimi nilimpigia bibi simu, nikamsomea maneno yale kwa Kidhopadhola. Hakucheka. Aliuliza kama Busia wamefunga mpaka. Nikamwambia hapana, malori yanapita. Akauliza tena, ili awe na hakika, kisha akaniagiza nimwambie mama asisubiri Jumamosi, anunue chumvi leo.