Siku Nyerere Alipowakatalia Wenzake

Oktoba 18, 1961, zikiwa zimebaki wiki 7 hivi kabla ya uhuru wa Tanganyika, Bunge mjini Dar es Salaam lilikuwa likibishania swali moja: nani atakuwa raia? Serikali ilipendekeza kwamba aliyezaliwa nchini, na ambaye angalau mzazi wake mmoja alizaliwa humo, awe raia siku ileile ya uhuru, awe Mwafrika, Mhindi, Mwarabu au Mzungu. Wakazi wengine wangepewa muda wa kuomba kuandikishwa. Uraia wa nchi mbili ulikataliwa.

Upinzani ulitoka ndani ya TANU, chama cha Serikali yenyewe. Chama hicho kilikuwa kimenyakua viti 70 kati ya 71 mwaka 1960, kwa hiyo waliosimama kupinga walikuwa watu wa nyumbani. Baadhi yao walitaka Mwafrika atangulizwe, na watu wa rangi nyingine wangoje.

Hasira yao ilikuwa na mizizi. Chini ya Waingereza shule, hospitali na mishahara vilipangwa kwa rangi. Biashara ya maduka ilikuwa mikononi mwa Wahindi, na vyeo vya juu vilishikwa na Wazungu. Mkulima wa pamba wa Usukuma alipomtazama tajiri wa karibu yake, mara nyingi alimwona mtu wa rangi nyingine.

Waziri Mkuu Julius Nyerere hakuikana hali hiyo. Alikiri kwamba nchi ilikuwa imerithi matabaka yaliyofuata rangi. Lakini, alisema, uraia utafuata utii kwa nchi na si kitu kingine, kwa sababu kubagua watu kwa rangi ndiko TANU ilikoundwa kukupiga vita. Wabunge waliohubiri ubaguzi aliwafananisha na Hitler. Kisha akawaachia huru: kila mmoja apige kura apendavyo, na Serikali ikishindwa itajiuzulu.

Ushujaa wa maneno yale uko hapo. Kumkemea mkoloni Oktoba ile kungeleta vifijo tu. Kuwakemea wenzako waliokubeba mabegani, huku umeweka cheo chako rehani, ni kazi nyingine kabisa. Hoja ya Serikali ilipita.

Nyerere alikuwa ameshapita njia hiyo. Januari 1958, kwenye mkutano wa Tabora, aliishawishi TANU ikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliuchukia utaratibu ule, na haki walikuwa nayo. Zuberi Mtemvu alijitoa, akaunda chama chake kwa wito wa Afrika kwa Waafrika. Historia inaukumbuka mkutano ule kama Uamuzi wa Busara.

Kulikuwa na doa, na ni lazima litajwe. Siku Nyerere anawakemea wenzake bungeni mwaka 1961, kadi ya TANU yenyewe ilikuwa ya Waafrika peke yao. Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza mwenye asili ya Kihindi, alikuwa waziri katika Serikali ya chama ambacho hakingeweza kumwandikisha. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1963.

Januari 7, 1964 Nyerere, sasa Rais, alitoa waraka wa kukomesha upendeleo wa rangi baina ya raia katika ajira za serikali. Vyama vya wafanyakazi vilinung'unika.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja Aprili 1971, majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalipotaifishwa. Sheria haikutaja rangi, lakini wamiliki wengi walikuwa Waasia, raia miongoni mwao, na maelfu walihama kwa uchungu. Uraia uliwapa haki ya kubaki, haukuwalindia nyumba.

Mwaka uliofuata Rais Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Nyerere aliushutumu hadharani uamuzi huo kuwa ni ubaguzi wa rangi. Jamal alikuwa bado waziri wake.